Jambo Nililosema Nimeliombea

Mahongole,
Makambako,
Njombe.

17 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Erica,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji Yosefu pamoja na watoto, na kwamba hilo joto la Singida mnalolilalamikia kila siku linawaacha mlale. Mngeweza kutugawia kidogo nisingekataa. Baridi ya mwaka huu imezidi. Juzi umande uliganda ukawa sakitu kwenye majani mpaka nyuma ya choo, na upepo wa Makambako unaujua mwenyewe, haukuulizi umevaa nini.

Sisi tupo. Shemeji yako Agustino anaendelea vizuri kwa kadiri mtu aliyepigwa kiharusi anavyoweza kuendelea vizuri. Mkono wa kulia bado haujarudi, lakini maneno yanarudi mojamoja. Neno la kwanza alilolitamka likaeleweka, usicheke, lilikuwa "chumvi", baada ya kuonja mboga zangu. Mwanangu Gideoni bado yuko kazini Mbeya, hutupigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Mimi mgongo unaniuma, magoti yananiuma, na nimechoka, Erica. Nimeanza kwa kulisema hilo ili usije ukalitafuta katikati ya mistari.

Mwezi uliopita ulinipigia simu kunieleza kwamba wanawake wa usharika wenu wamekuchagua uwe mwenyekiti wao. Nilikupongeza harakaharaka, kisha nikasingizia kwamba mtandao unakata. Mtandao haukuwa unakata. Ulikuwa umeniuliza nikufundishe namna ya kuongoza kwa sala, kama mama alivyofanya na kama ninavyofanya mimi, nami sikuwa na uso wa kukujibu. Sasa Luqmani, mume wa katibu wangu Hamisa, anaondoka kesho na lori la mbao kuja huko kwenu, nikaona nikae chini niandike. Kwenye simu ningelia, nawe ungeniambia nisilie, tungeishia hapo.

Kikundi chetu cha wanawake wa bondeni bado kipo. Tumefika arobaini na wawili, wengi wetu Walutheri, na Waislamu wachache ambao waume zao wamekuja mjini kwa biashara na magari. Kila kiangazi tunalima vinyungu kule bondeni, kila mwanamke na kipande chake, viazi, kabichi na mboga za nyumbani. Kanuni yetu kubwa ni ya mfereji. Tunausafisha kwa pamoja mara tatu kabla ya kuanza kulima, na asiyefika mara mbili hunyang'anywa kinyungu chake kikapewa mwingine.

Sasa nikukumbushe mama. Wewe ulikuwa mdogo tulipokuwa Mlangali, ulidhani anapuuza watu. Wanawake walikuwa wakimfuata shambani na ugomvi wao, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa, naye anawaambia wasubiri amalize tuta. Anainama, analima tuta zima bila neno, na wao wamesimama pembeni wakikasirika mpaka hasira inawachosha wenyewe. Akifika mwisho anafuta jembe kwa majani, ndipo anasema. Siku moja nilimuuliza huwa anafanya nini kwenye lile tuta. Akanijibu kwamba anamwomba Mungu amtoe yeye katika jambo lile, abaki mwenye jambo.

Nilipochaguliwa mwenyekiti miaka saba iliyopita nilimwiga. Katikati ya mkutano huwezi kulima, lakini kila lilipokuja jambo zito nilikuwa nasema tunyamaze kwanza. Sisi tunafumba macho, Hamisa anavuta tasbihi yake chini ya mtandio, mama mmoja wa Mahongole ya juu anakoroma, wala hakuna wa kumwamsha. Tukifungua macho mara nyingi jambo limeshapungua ukubwa. Watu wakaanza kusema kwamba mwenyekiti wetu ni mwanamke wa sala. Nami nikaanza kulipenda jina hilo, nikawa nalivaa kila mahali, mpaka ofisi ya kata.

Halafu Novemba kikaja kiharusi. Tangu siku ile sala zangu zilikauka. Napiga magoti alfajiri, kabla sijamaliza Baba Yetu nimeshalala, kichwa juu ya godoro. Naamka shingo imekakamaa, namgeuza mgonjwa, nachemsha uji, nafua mashuka, naenda mkutanoni, na huko wananiita mama wa sala. Nilijua kwamba ndani hamna kitu. Ila kukiri hadharani ilikuwa kazi nyingine, na nguvu za kazi nyingine sikuwa nazo.

Basi nije kwenye jambo lenyewe. Kuna mwenzetu anaitwa Safina, wewe humfahamu, ni mtu wa Tanga. Mumewe alikuwa fundi wa magari hapa mjini, akafariki mwishoni mwa Februari. Safina akakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, kama dini yao inavyomtaka mjane. Siku mbili za mfereji zikapita yeye akiwa ndani. Sote tulijua aliko. Tulikwenda kumpa pole kwa miguu yetu, tukakaa kwenye mikeka yake.

Mwezi Juni tulipokutana kugawana vinyungu, Hilda alisimama akasema kinyungu cha Safina kipo wazi, naye anakiomba. Usimfikirie vibaya Hilda. Ana watoto sita, na kipande chake kinakauka mapema. Alisema kanuni ni kanuni, kwamba mwaka juzi yeye mwenyewe alinyang'anywa wakati mwanawe amelazwa hospitali, na hakuna aliyefungua mdomo kumtetea. Ni kweli kabisa. Na mwenyekiti wakati huo nilikuwa mimi.

Hamisa akaeleza habari ya eda, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa sauti. Wengine wakasema Safina angetuma mtu amlimie zamu. Wengine wakauliza angemtuma nani, na ndugu zake wote wako Tanga. Yakaingia mambo ya watu wa kata hii na watu wa kata ile, ya wenyeji na wakuja, na maneno ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na mfereji. Mkutano ulianza saa nne asubuhi. Ilipofika saa tisa bado tulikuwa palepale, na jirani aliyebaki na Agustino alikuwa ameniahidi kukaa mpaka saa saba tu.

Nikasimama. Sikuwaambia tunyamaze kwanza, kwa sababu kunyamaza kunakula muda. Nilisema, "Jambo hili nimeliombea. Kinyungu kiende kwa Hilda."

Wewe umelelewa huku, unajua maneno hayo yanafanya nini. Ubishi ulikatika palepale. Mama mmoja akasema amina, wengine wakafuata. Hamisa, ambaye dakika moja kabla alikuwa amesimama na kidole juu, alikaa akafunga daftari. Nilirudi nyumbani mbiombio nikamkuta Agustino peke yake, amelowa, ameangalia ukuta. Nikambadilisha nguo huku nikijiambia kwamba nilifanya vyema kuwahi.

Sikuwa nimeliombea, Erica. Wala dakika moja. Nilikuwa nataka kwenda nyumbani.

Hamisa alishindwa kumpelekea mjane habari ile akiwa bado ndani, akawa anaahirisha. Kwa hiyo Safina alitoka eda mwanzoni mwa Julai, akachukua jembe lake na miche ya kabichi aliyokuwa ameiotesha kwenye kopo uani, akashuka bondeni. Akakuta viazi vya Hilda vimeshaota. Alipouliza akaambiwa mwenyekiti aliliombea jambo hilo. Hakumgombeza mtu. Alirudi nyumbani na miche yake.

Siku ya tatu akaja kwangu. Nilimwona akiingia uani na kitenge kipya cheusi, nikajiandaa kutukanwa, na kwa kweli ningefurahi kutukanwa. Akamsalimia Agustino kwanza, akamshika ule mkono usiofanya kazi. Kisha akakaa akaniambia, "Mama, sikuja kugombana, nimekuja kuuliza. Mungu alikwambia nimekosa nini? Eda yangu nimekaa sawasawa, sikutoka, sikujipamba. Kama kuna mahali nimeteleza niambie, nitubu."

Ningependa kukuandikia kwamba nilimwambia ukweli saa ileile. Sikumwambia. Nilimmiminia chai, nikamwambia azidi kumtumaini Mungu. Naye akainama akanishukuru, akaenda zake. Yaani yule mwanamke alikuwa amejifungia ndani miezi minne anaswali, na mimi niliyekuwa nasinzia juu ya godoro ndiye niliyekwenda kumnyang'anya kwa jina la sala.

Baada ya hapo usingizi ulinihama. Ilikuwa ajabu, miezi yote ile nalala nikipiga magoti, sasa napiga magoti na macho makavu, kila nikianza Baba Yetu namsikia Safina akiuliza kosa lake. Katikati ya siku hizo ndipo ukapiga simu kunitaka nikufundishe. Nilitamani kuitupa simu kisimani.

Wa kwanza kumwambia alikuwa Hamisa. Nilimfuata dukani kwake, nikasubiri wateja wapungue, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea anihurumie kwa ajili ya mgonjwa. Hakunihurumia. Aliniambia, "Mimi sikunyamaza kwa sababu yako, nilinyamaza kwa sababu ya hiyo sala. Ungesema umechoka tungeahirisha, tungekuja hata kukusaidia kumgeuza mzee." Akapima kilo mbili za sukari kwa hasira, akampa mtu. Baadaye akanipa kiti.

Maneno yake yalinichoma kwa sababu ni ya kweli. Katika miaka saba yote ya kuwaongoza wanawake arobaini sikuwahi kuwaambia hata siku moja kwamba nimechoka. Nilidhani mwanamke wa sala hachoki. Mama alichoka, sasa nakumbuka, alikuwa analalia magunia ya mahindi mchana na watu wakimwona. Sehemu hiyo sikuiiga.

Alhamisi iliyopita tuliitisha mkutano kwenye banda letu la viazi. Nilisema sina ajenda ila moja. Niliwasimulia habari ya mama na tuta lake, kisha nikawaambia kwamba mwezi Juni nilisema nimeomba na sikuwa nimeomba, kwamba nimemdhulumu Safina, na nimewadhulumu wote walioitikia amina kwa nia njema. Nilikuwa nimeandika barua ya kujiuzulu, nikaiweka mezani, juu yake nikaweka kipande cha tofali, maana upepo ulikuwa unaingia.

Usifikirie palikuwa na utulivu wa kanisani. Mmoja alicheka, nadhani kwa woga. Yule mama wa kwanza kusema amina alilia, akasema nimemfanya amwitikie shetani. Hilda akaruka juu, "Kwa hiyo mimi ndiye mwizi? Viazi vyangu vina maua tayari, sing'oi hata shina moja!" Nikamwambia asing'oe, kosa si lake, na nikamwomba radhi kwa habari ya mwaka juzi pia, mbele ya wote. Akakaa. Tukakubaliana avune viazi vyake, kisha kinyungu kirudi kwa mwenyewe. Na mpaka wakati huo Safina achukue kinyungu changu pamoja na kabichi zilizomo. Hapo hakuna aliyenilazimisha. Sasa mboga tunanunua sokoni kama watu wa stendi, na Agustino anauliza kwa mkono kabichi zetu zimekwenda wapi.

Kisha Safina akasimama. Sauti yake ni ndogo, watu wakasogea. Alisema, "Mimi mwezi mzima nimelala nikijua Mungu kanikataa, mimi na marehemu mume wangu. Kinyungu si kitu. Leo ndiyo napumua." Nikafikiri amemaliza. Akaionyesha ile barua chini ya tofali. "Na huyu asiondoke. Akiondoka atakaa mwingine, naye siku akichoka atasema kaomba, wala hatarudi kutwambia kweli. Huyu keshatwambia. Hawezi kurudia."

Hamisa aliondoa tofali, akaichukua barua, akaikunja mara nne akaitia mfukoni mwa koti lake. Sijui ameiweka wapi. Pale banda zima likakubaliana kanuni ya pili: kwenye mikutano yetu mtu yeyote asiseme tena kwamba jambo ameliombea. Kama ameomba, abaki nalo moyoni, atupe sababu zake kama watu wengine, tumbishie. Na wakapanga zamu ya kuja kwangu kukaa na Agustino siku za mkutano. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa yule aliyelia.

Sitakudanganya kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimejiandaa kupumzika. Nilishaanza kuona asubuhi zangu bila simu za watu, bila mfereji, bila ofisi ya kata. Nilitoka bandani nimebeba mzigo uleule, ila sasa kila mtu anajua uzito wake. Labda hiyo ndiyo nafuu yenyewe, sijui.

Kwa hiyo, mdogo wangu, uliniuliza swali na hili ndilo jibu langu, ulichukue kama lilivyo. Omba. Omba sana, utahitaji, wanawake wa kanisa unawajua. Ila usiwaambie kwamba umeomba. Watakaotaka kujua wataona kwa namna unavyomsikiliza yule unayetamani anyamaze. Siku ukikauka, waambie umekauka, uombe kikao kiahirishwe uende ukalale. Mungu hataona haya kwa ajili yako. Na ukiona watu wameacha kukubishia kwa sababu wewe ni mtu wa Mungu, ogopa sana siku hiyo.

Jana asubuhi nilishuka bondeni kumkabidhi Safina kinyungu changu. Nilikuta ameshafika, amevaa buti za marehemu mumewe, zinampwaya. Nilimwonyesha mipaka, nikamwonyesha mahali maji yanapovuja, nikamwambia kuna matuta manane upande wa juu hayajalimwa kwa sababu nilikosa nguvu. Nilitaka kuondoka. Akanipa jembe moja, akachukua la pili, akasema, "Tuta moja kwanza. Si ndivyo alivyofanya mama yako?"

Tukalima sambamba, mimi mkono huu yeye mkono ule, bila kusema. Udongo ulikuwa bado na sakitu, unavunjika chini ya jembe. Sikupata neno lolote kutoka juu. Niliwaza mgongo, niliwaza Agustino, kidogo nilimwaza mama, na kuna mahali katikati nadhani sikuwaza kitu. Tulipofika mwisho nikafuta jembe kwa majani. Safina akaegemea mpini wake akaniangalia.

"Haya, umeomba?"

Nikamwambia, "Sijui."

Akasema, "Basi tulime lingine."

Tulilima matatu, Erica. Jumatatu nimemwahidi kurudi kwa la nne.

Nisalimie sana shemeji Yosefu, umwambie maharage aliyoyapenda nimempa Luqmani debe moja alete pamoja na barua hii, asiyauze. Mbusu Mika, na umwambie mama yake mkubwa wa Makambako anajua kwamba amefaulu. Nisalimie na mama mkwe wako, nimesikia macho yanamsumbua. Agustino anakusalimu, ameinua mkono wa kushoto nilipomwambia nakuandikia. Hamisa naye anakusalimu, anasema hajakuona tangu harusi yako na bado anadai picha.

Mungu akulinde katika kazi uliyopewa, na akupe wanawake wasiokuogopa.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na ninayehitaji usingizi,

Fidelia